UZI: Chenso ya mpini juu kwa sisi tunaopanda miti Dodoma, tuchukue ipi?

MkataMatawi_Dom
Mbukwenyi wakuu, naombeni mawazo yenu maana hela hii nikiitoa haitarudi leo wala kesho. Kazi yangu ni kupunguza na kushusha miti majumbani na maofisini hapa jijini, sana sana Area D, Kilimani na Uzunguni, siku hizi mpaka Ihumwa na Iyumbu huko kwenye nyumba mpya. Napanda kwa kamba na hanesi (mikanda ya kujifunga mwilini), sio ngazi. Chenso niliyonayo ni ile ya kawaida ya mpini nyuma, baa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) inchi 18, chini iko vizuri sana sina malalamiko, ila juu ya mti ni mateso, ni nzito, ndefu, inagonga kila tawi na mkono unakufa ganzi kabla sijamaliza upande mmoja wa mti.

Sasa nataka zile ndogo za mpini juu. Nimeangalia Stihl MS 201 TC-M, MS 194 T, Husqvarna T540 XP na T435, alafu kuna jamaa Kariakoo ananiambia anazo ndogo za Kichina cc 25 kwa bei ya kutupa. Wengine wananiambia niende betri moja kwa moja. Miti yangu ni miarobaini, mikrismasi, mijohoro, mikwaju mara moja moja, na nikitoka nje ya mji kuelekea Bahi au Chamwino ni migunga. Mwenye uzoefu aniambie angechukua ipi na kwa nini.

Mafinga_Mbao
Chukua MS 201 mkuu usiulize mara mbili. cc 35.2, kilowati 1.8, inakata kama mashine kubwa. Hizo nyingine utanunua leo mwakani unarudi tena dukani.

FundiMiti_Ipagala
Mkuu Mafinga nakuheshimu lakini huko kwenu mna misitu, spea za chenso mnazipata karibu na mafundi wanaozijua mnao. Huyu ndugu yetu yuko Dodoma, tumshauri kwa mazingira yake.

Kaka MkataMatawi kaa vizuri nikuandikie kirefu. Hii kazi naipenda na nimeona vijana wengi wananunua mashine kwa kuangalia namba ya nguvu tu.

Cha kwanza angalia uzito, na usiangalie uzito wa kwenye kipeperushi peke yake. MS 201 imeandikwa kilo 3.7, lakini hiyo ni bila baa, bila cheni, bila mafuta. Weka baa ya sentimita 35, jaza petroli na oili ya cheni, unakaribia kilo 5. T540 XP ni 3.9 tupu, na yenyewe nguvu ni hizo hizo kilowati 1.8, injini cc 37.7. Ukishuka chini kidogo MS 194 T ni kilo 3.3, cc 31.8, kilowati 1.4. T435 ni kilo 3.4, cc 35.2, kilowati 1.5. Utasema gramu 400 ni nini, sasa ngoja uwe umening'inia kwenye mwarobaini saa saba mchana umenyoosha mkono kufuata tawi la pembeni ndo utajua ni nini. Mkono ukichoka ndo mtu anaanza kukata kwa mkono mmoja, na hapo ndo ajali zilipo, nitarudi kwenye hilo.

Cha pili ni kabureta, na hapa ndo sisi wa Dodoma tunatofautiana na wa Dar. Tuko zaidi ya mita 1100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ya aina hii inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda. Mashine iliyotyuniwa Dar ukiileta huku petroli inazidi hewa, inakohoa, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi na mtu anasema ameuziwa feki kumbe ni tyuni tu. Kinyume chake ni hatari zaidi, ukiityuni hapa ikanyooka alafu ukapata kazi Morogoro au Dar ukashuka nayo hivyo hivyo, kule hewa ni nzito, inakosa petroli ya kutosha na petroli ndo inabeba oili, pistoni inachubuka. Kwa hiyo ukihama mwinuko unarudia tyuni, skurubu ya L (mwendo mdogo) na ya H (mwendo mkubwa), sio kukisia.

MS 201 TC-M na T540 XP zinajityuni zenyewe, Stihl wanaita M-Tronic na Husqvarna wanaita AutoTune. Ni kitu kizuri sana, unapanda Dodoma unashuka Dar haikusumbui. Lakini siku ikigoma fundi wa pikipiki wa Majengo hawezi kukusaidia, inataka wakala mwenye kifaa cha kuisoma. MS 194 T na T435 zina kabureta ya skurubu, fundi yeyote mwenye akili na sikio zuri anaityuni. Kwa mtu ambaye ana mashine moja tu ya juu na kesho asubuhi ana mteja, mi namwambia chukua ambayo ikizima mchana jioni imewaka. Kwangu hiyo ni MS 194 T au T435, na kati ya hizo mbili chukua ile ambayo muuzaji wake yuko karibu na wewe na anaweka spea dukani. Nenda kabla hujanunua umwambie nionyeshe cheni yake, baa yake, sproketi, ea klina, kamba ya kuwashia. Kama anakujibu "tunaagiza", jua na wewe utakuwa unaagiza wakati mteja anasubiri.

kijana_wa_Kizota
Fundi umeongea lakini umeruka za Kichina. Mi nina ile ya cc 25 mpini juu na inapiga kazi, bei yake nimerudisha ndani ya mwezi. Sio kila mtu ana hela ya Stihl.

FundiMiti_Ipagala
Sijaziruka mdogo wangu, nilikuwa nakuja huko. Hizo za cc 25 nyingi zimefuata umbo la Zenoah G2500 ya Japani, ambayo orijino ni mashine nzuri kabisa na inaheshimika. Shida ya kopi ni kwamba hazifanani, unaweza kupata inayodumu, mwenzako akanunua duka hilo hilo ikamfia. Chini kwenye kukatakata matawi sina neno nayo. Juu ya mti mimi naangalia kitu kimoja, breki ya cheni. Iwashe, weka chini, pandisha moto (bana kitufe cha mafuta), sukuma kile kikinga cha mbele kwa mgongo wa mkono. Cheni isimame hapo hapo. Kama inaendelea kuzunguka hata kidogo usipande nayo, iwe ya Kichina iwe ya Kijerumani. Alafu iache inasinzia bila kugusa moto, cheni haitakiwi kutembea kabisa. Ikitembea imetyuniwa vibaya au springi za klachi zimechoka, na wewe unataka kuitundika hiyo kiunoni pembeni ya kamba inayobeba uhai wako.

Ya kwako ikifaulu hayo mawili, basi fanya nayo kazi, ila weka akiba.

Na kama mtu anataka ndogo kweli, zipo za kampuni zinazojulikana. Echo CS-2511TES ni cc 25 na ina kilo 2.3 tu bila baa, sijaona ya petroli nyepesi kama hiyo. Husqvarna T525 cc 27 kilo 2.7, Stihl MS 151 TC-E cc 23.6 kilo 2.6. Kwa kupunguza mikrismasi na miarobaini ya bustanini ni tamu mno. Ila hiyo MS 151 inatumia cheni ya robo inchi, meno madogo sana, tupa yake ya kunolea ni ya milimita 3.2, ulizia kwanza kama utaipata hapa mjini.

Mafinga_Mbao
Sawa fundi nimekuelewa kuhusu spea, hapo nakubali. Ila mgunga mkavu na cc 25? Hapana.

FundiMiti_Ipagala
Hapo uko sahihi. Mgunga ni mgumu, na wa huku kwetu umebeba mchanga kwenye magome maana upepo wa kiangazi Dodoma kila mtu anaujua. Lakini kwa mgunga kabla ya injini mi nafikiria cheni. Watu wanapenda zile cheni za kona kali kwa sababu zikiwa mpya zinakata kama wembe, ila zikigusa mchanga mara moja zimekwisha. Kwa huku chukua zenye kona ya mviringo, zinakata taratibu kidogo lakini zinashika makali kwenye mti mkavu na mchafu. Kwa Stihl ni ile Picco Micro, ndo nzuri kwa mashine hizi na hairushi sana. Kwangua gome kwa panga pale unapotaka kukata kama limejaa udongo, dakika moja tu inakuokolea cheni.

MkataMatawi_Dom
Fundi asante sana yaani umenifungua. Swali, baa niweke sentimita 30 au 35? Na hiyo habari ya mkono mmoja mbona video nyingi wazungu wanakata kwa mkono mmoja tena wamening'inia kabisa?

FundiMiti_Ipagala
Baa weka 30. Matawi mengi unayokata juu hayazidi unene wa paja, na shina unalishusha vipande vipande ukiwa umejifunga, ukihitaji baa ndefu vuta ile kubwa kwa kamba. Baa fupi ni nyepesi, mashine inakaa sawa ikining'inia, na ncha yake unaiona muda wote.

Kuhusu mkono mmoja. Hizi mashine zimetengenezwa zishikwe kwa mikono miwili, kitabu cha Stihl kinasema hivyo na cha Husqvarna pia. Mpini umewekwa juu ili uweze kukata ukiwa umebanwa kwenye matawi bila kujipinda, wala haukuwekwa ili mkono mwingine ushike tawi. Tena mashine ya mpini juu ni hatari zaidi kuliko ya mpini nyuma kwa sababu mikono inakaa karibu karibu, kwa hiyo nguvu ya kuizuia isikurudie ni ndogo. Ile robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa tawi lingine ambalo hukuliona, baa inaruka kuja usoni au shingoni kwa kasi ambayo hakuna binadamu anaiwahi. Ukiwa na mikono miwili mkono wa kushoto unagonga kikinga na breki inashika. Ukiwa na mmoja hakuna cha kukigonga. Alafu wengi wanajikata mkono wa kushoto wenyewe, ule uliokuwa umeshika tawi. Hizo video ziwekwe pembeni ndugu yangu. Kama huwezi kufika kwa mikono miwili maana yake hujakaa vizuri, hama, funga kamba ya kiuno upya, jiweke sawa, ndo ukate. Au toa msumeno wa mkono, ule wa kupogolea uliopinda, tawi la unene wa kiganja unalimaliza bila kuwasha chochote.

Na ndo maana mashine ya mpini juu chini kwenye ardhi hatutumii. Chini una ile ya inchi 18, tumia hiyo. Nimeona vijana wanachoshwa na kubwa wanaanza kukatia kuni kwa ile ndogo kwa mkono mmoja, hapana jamani hapana.

BustaniKilimani
Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mteja tu, nasimamia bustani ya ofisi moja hapa Kilimani na nimesoma uzi wote. Nimewahi kuleta vijana wakakata mti wakati mkutano unaendelea ndani, kelele zikawa shida kubwa. Hizo za betri vipi, zinafanya kazi kweli au ni mapambo?

FundiMiti_Ipagala
Karibu dada, zinafanya kazi kweli. Husqvarna T540i XP mwili wake ni kilo 2.5 bila betri, Stihl MSA 161 T ni kilo 2.1 bila betri, na betri yenyewe inaongeza karibu kilo moja au zaidi kutegemea umechukua ipi. Kwenye ofisi, hospitali au shule ni nzuri mno. Na kwa mpandaji kuna faida kubwa kuliko kelele, ukiachia kitufe cheni imesimama na injini haipo. Huvuti kamba ya kuwashia huku unayumba, hupumui moshi uso ukiwa umeegemea mashine, na unasikiana na mwenzako wa chini bila kupiga makelele. Hilo la kusikiana mimi ndo naliweka juu kabisa.

Ubaya wake ni gharama ya kuanza. Betri moja haitoshi siku nzima, unahitaji tatu hivi na chaja ya haraka, na hizo pesa ukizijumlisha zinaweza kuzidi mashine. Betri iliyotoka kufanya kazi jua la Oktoba inakuwa ya moto na chaja inakataa kuichaji mpaka ipoe, kwa hiyo ziweke kivulini, usiache kwenye kabini ya gari. Na ukienda kijijini kusiko na umeme ni jenereta. Mwenye wateja wa ofisi na mahoteli mjini ningemwambia aanze kuifikiria, mwenye kazi za Bahi abaki na petroli.

kijana_wa_Kizota
Vipi petroli na oili, mi nachanganya kwa macho tu mpaka rangi ikae vizuri

FundiMiti_Ipagala
Acha kabisa kaka. Oili ya Stihl au ya Husqvarna ya 2T ni moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita, lita 5 unaweka mililita 100. Nunua kopo la vipimo au bomba la sindano duka la dawa, rahisi tu. Kama ni oili nyingine soma kopo lake, nyingine zinataka moja kwa ishirini na tano, mililita 40 kwa lita. Changanya ya kutosha wiki chache usiweke dumu la miezi. Na oili ya cheni usiweke ile chafu iliyomwagwa kwenye gari, ina vyuma ndani na inakula pampu, na inakumwagikia wewe na bustani ya mteja.

Ea klina Dodoma safisha kila jioni, kiangazi hata mchana. Hii mashine ni ndogo, vumbi kidogo tu linaibana.

fundi_umeme_Chamwino
Naomba niingie hapa kwa uzito kwa sababu nimeona picha mnazorusha humu. Mti uliokaribia waya usipande kwa mashine yoyote, ya petroli wala ya betri. Tawi bichi linapitisha umeme, na kwenye laini za msongo wa kilovoti 11 na 33 huhitaji hata kugusa, umeme unaruka. Pigeni TANESCO waje wazime au wakate wenyewe. Mteja akikuambia "kata tu hakuna shida" mwambie shida ipo.

FundiMiti_Ipagala
Asante mkuu, umesema jambo zito. Niongezee kwamba ukiwa unakata kwa mashine jifunge sehemu mbili, kamba ya kupandia na kamba ya kiuno yenye waya wa chuma ndani. Cheni ikigusa kamba ya nailoni iliyokazwa imekatika kabla hujashtuka, ile ya chuma inakupa nafasi, japo nayo sio ya kuichezea. Na kabla ya kushusha mti mzima pita ofisi ya kata au jiji, na kama ni kazi ya shambani au porini pita TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), uulizie kibali. Ni bora uchelewe siku moja.

MkataMatawi, naomba na hili ulichukue. Kama bajeti yako inatosha MS 201 peke yake bila suruali ya kinga, usinunue 201. Nunua 194 au T435, na inayobaki chukua suruali inayokinga mguu pande zote maana juu ya mti huwezi jua cheni itakuja toka wapi, kofia yenye kioo na vizibo vya masikio, na hiyo kamba ya kiuno. Mashine yenye nguvu zaidi utaifikia tu kazi zikiongezeka.

MkataMatawi_Dom
Wakuu nimeshukuru mno. Leo nimezunguka kwa wauzaji. T435 ipo, cheni na baa zake wanazo dukani na fundi wao nimemkuta anatyuni mashine ya mtu palepale. MS 194 wanaagiza Dar. Naenda na T435, baa ya sentimita 30. Suruali nimeweka oda. Swali la mwisho, nina cheni mbili mpya za Stihl za baa ya sentimita 30 nilipewa na rafiki, saizi ya cheni ni ileile ya inchi tatu ya nane ndogo, nitaziweka kwenye Husqvarna?

FundiMiti_Ipagala
Hongera kwa kuchagua kwa macho yako mwenyewe. Hizo cheni hazitakaa. Saizi ya tatu ya nane ni ileile, na upana unaweza kuwa sawa, lakini idadi ya meno ya kuendeshea ni tofauti, Stihl sentimita 30 ni 44, Husqvarna inchi 12 ni 45. Kwa sentimita 35 ni 50 kwa 52. Geuza cheni uhesabu yale meno ya ndani yanayoingia kwenye mfereji wa baa, alafu linganisha na namba iliyogongwa kwenye baa. Mpe mtu mwenye 194 mbadilishane. Tupa ya kunolea chukua ya milimita 4, na vile vikomo vya kina vilivyo mbele ya kila jino la kukata vishushe kwa kipimo mpaka milimita 0.65 usizidishe, ukizidisha itaanza kuruka na kukuvuta.

kijana_wa_Kizota
Mi nina rafiki ana 194, MkataMatawi njoo inbox nikuunganishe naye.